Nairobi imefukuza watu wake vya kutosha

Moi Avenue ndiyo mpaka. Hakuna ramani ya kaunti inayouonyesha, lakini kila anayefanya kazi tao anaujua. Upande wa magharibi, kuelekea Kimathi Street, Mama Ngina Street na Bunge, kuna benki, wizara, mawakili, na mikahawa ambako kikombe kimoja cha kahawa kinamaliza pesa za chakula cha mchana cha kibarua. Upande wa mashariki, ukishavuka Tom Mboya Street na kuteremka Accra Road au Latema Road hadi River Road, kuna steji za matatu, maduka ya jumla, mafundi wa simu, gesti za bei nafuu, wauza mbegu, wachapishaji wa kadi za harusi, makanisa ya ghorofani na hoteli za chapati na maharagwe. Kutoka upande mmoja hadi wa pili ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Kilichozitenga pande hizi mbili kina umri wa zaidi ya miaka 120.

Kila utawala mpya unaoingia City Hall huahidi kusafisha katikati ya jiji. Baada ya miezi michache tunaona maana ya ahadi hiyo: magari ya kanjo (baraza la jiji), mama akikimbia na beseni la ndizi kichwani, viatu vya mtumba vikitupwa karandinga, matatu zikisukumwa hadi steji ambayo abiria hawaitaki. Takataka zinabaki mtaroni. Wanaoondolewa ni watu. Nimefuatilia historia ya mitaa hii kwa miaka mingi, na ninachokiona ni jambo moja likirudiwa chini ya bendera mbili. Utawala wa Nairobi, wa mkoloni na wetu wenyewe, umeutazama upande wa mashariki kama kosa linalongoja kurekebishwa. Mimi nasema upande huo ndio uliolifanya jiji hili kuwa jiji.

Tuanze na ardhi yenyewe. Palikuwa kinamasi, na maji yake baridi yalinyweshwa mifugo na Wamaasai. Kwa mhandisi wa reli palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya njia kuanza kupanda nchi ya Wakikuyu na kuteremkia Bonde la Ufa, mahali pazuri pa kuegesha mabehewa na kulundika vyuma. Mwaka 1896 Sajenti George Ellis wa kikosi cha Royal Engineers alianzisha hapo kituo cha wanyama na vifaa vya usafiri. Mei 30, 1899 reli ikafika, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mombasa. Mwaka huohuo makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka pwani, na John Ainsworth akahamisha ofisi yake ya utawala kutoka Machakos. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali yakafuata. Kwa miaka sita tu, kambi ya mahema na mabati ikawa mji mkuu.

Mpango wa kwanza ulichorwa kwa mahitaji ya reli: kituo, karakana, nyumba za maafisa mlimani kwenye hewa safi, makazi ya vibarua Wahindi bondeni, na soko moja lililoitwa Bazaar. Mwaka 1900 kanuni za kwanza za manispaa zikatangaza kuwa mji ni kila kilichomo ndani ya maili moja na nusu kutoka ofisi ya serikali. Katika duara hilo Mwafrika hakutengewa hata kiwanja kimoja. Alitakiwa kuja, kubeba, kufua, kupika na kuondoka.

Bazaar ilijengwa kwenye matope. Haikuwa na mitaro, maji machafu yalituama milangoni, na watu walisongamana kwa sababu hawakuruhusiwa kwenda kwingine. Tauni ilipozuka mwaka 1902, mamlaka iliamua Bazaar ichomwe moto. Maduka, mali na vitanda vya wafanyabiashara vikateketea. Tauni ikarudi tena baadaye, kwa kuwa kinamasi kilikuwa palepale na mitaro haikuwa imechimbwa. Madaktari walipendekeza mji mzima uhamishiwe nyanda za juu kidogo, wakaambiwa reli imeshatumia fedha nyingi mno. Hapo ndipo palipowekwa desturi ambayo hatujaiacha: serikali inanyima mahali huduma, mahali panaharibika, kisha waliomo wanaadhibiwa kwa uharibifu huo. Mwaka 1913 akaletwa mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa Simpson, naye akashauri kuwa dawa ni kuyatenga makazi kwa rangi. Utengano ukavishwa koti la daktari.

Bazaar haikufa. Ilijengwa upya, na leo ndiyo Biashara Street, ambako akina mama wa Nairobi bado wananunua leso, mablanketi ya watoto wachanga na vitambaa vya sare za shule. Naitaja hasa kwa sababu wengi hudhani kuwa biashara ya rejareja ya Nairobi iliota yenyewe baada ya Uhuru. Ilipigwa moto ikiwa na umri wa miaka mitatu na ikakataa kuondoka.

Kati ya wenye maduka wa enzi hiyo, Alibhai Mulla Jeevanjee anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa. Alizaliwa Karachi, akaja kuwa mkandarasi aliyeipatia reli vibarua na vyakula, akajenga soko la kwanza la maana mjini, na mwaka 1906 akawapa watu wa Nairobi bustani pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Bustani hiyo ipo hadi leo, Jeevanjee Gardens, karibu eka tano katikati ya ardhi ghali sana. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuichimba na kujenga maegesho ya magari na jumba la biashara. Binti yake Shirin Najmudean na mjukuu wake Zarina Patel walisimama kuupinga, wananchi wakawaunga mkono, mpango ukafa. Hii ilikuwa miaka miwili baada ya Wangari Maathai kuzuia jumba la ghorofa 60 lisiimeze Uhuru Park, ng'ambo ya barabara kuu. Leo nenda Jeevanjee wakati wa chakula cha mchana. Utakuta wahubiri, wapiga picha, watu wasio na kazi wanaolaza migongo nyasini, na wale wa Bunge la Mwananchi wakijadili bajeti ya nchi kwa ufasaha ambao ningependa kuusikia mara nyingi zaidi katika lile bunge jingine. Wanajadili kwa Kiswahili. Mluhya anamjibu Mkamba, kijana anamkatiza mzee kwa adabu, na asiyekuwa na shilingi ya chai ana haki sawa ya kusema.

Na Kiswahili hicho kina historia yake hapa. Waafrika wa kwanza wa mji, wapagazi, askari waliostaafu, wapishi, wafanyabiashara wadogo, wengi wao Waislamu kutoka pwani na bara, walijijengea vijiji pembezoni mwa mji: Mombasa, Maskini, Pangani. Waliishi humo kwa nyumba za udongo za mtindo wa kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, wakapangisha vyumba, wakaoa na kuzika. Vijiji hivyo vilivunjwa kimoja baada ya kingine. Watu walihamishiwa Pumwani, iliyoanzishwa mapema miaka ya 1920, na Pangani ikawa ya mwisho kubomolewa, mwishoni mwa miaka ya 1930. Hawa ndio waliokuwa na madai ya kuitwa wenyeji wa Nairobi kuliko mtu mwingine yeyote, na mji uliwasukuma mashariki, ng'ambo ya mto.

Waliobaki kuingia mjini mchana waliingia kwa kipande. Sheria ya kuwaandikisha ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita: kila mwanamume Mwafrika abebe karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kasha la bati linaloning'inia shingoni. Kwenye Kenyatta Avenue lipo jengo la mawe lenye mnara mdogo, lililojengwa mwaka 1913 na mjenzi Gurdit Singh. Ni Kipande House. Sasa ni tawi la benki. Mamia ya watu hupita mbele yake kila saa, na si wengi wanaojua kuwa babu zao walipanga foleni hapo wapimwe vidole.

Machi 1922 foleni hiyo ilikataa kutii. Harry Thuku, karani aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kazi ya lazima ya wanawake, alikamatwa tarehe 14. Siku mbili baadaye maelfu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na palipo Chuo Kikuu cha Nairobi leo, wakitaka aachiliwe. Wanaume walipoanza kutawanyika, Muthoni Nyanjiru aliwakemea mbele ya umati, wanawake wakapiga vigelegele na kusonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk walifyatua pia. Hesabu ya serikali ilikuwa maiti 21. Walioshuhudia walisema waliokufa ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Barabara inayopita hapo ina jina la Harry Thuku. La Nyanjiru bado tunalisubiri.

Miaka sita baadaye, mwaka 1928, ikasimamishwa Askari Monument kwenye barabara hiyohiyo kuu ya Kipande House, kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wa Dar es Salaam wanayo ya kwao, kazi ya mchongaji huyohuyo, James Alexander Stevenson. Askari na mpagazi wa shaba walikaribishwa katikati ya mji mchana na usiku. Askari na mpagazi wa nyama na damu walihitaji ruhusa. Mwaka 1931 ikafunguliwa maktaba ya McMillan, jengo zuri lenye nguzo ndefu na simba wawili mlangoni, hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia. Hadi mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Fikiria mtoto aliyezaliwa Pumwani siku maktaba ilipofunguliwa. Alikuwa na miaka 27 kabla ya kuruhusiwa kushika kitabu.

Kisha ikaja Aprili 24, 1954. Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi waliuzingira mji mzima alfajiri, wakapekua mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, wakiwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini na maelfu wengine wakarudishwa vijijini. Biashara nyingi za Waafrika katika eneo la River Road na mitaa ya mashariki ziliachwa bila mwenyewe. Ulikuwa ufagiaji mkubwa kuliko wote, na baada yake utawala ulijisifu kuwa mji ni mtulivu.

Uhuru ulibadilisha majina haraka. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue na sanamu ya Lord Delamere ikang'olewa. Victoria Street ikawa Tom Mboya Street baada ya Mboya mwenyewe kuuawa kwa risasi Julai 5, 1969, akitoka katika duka la dawa kwenye Government Road, ambayo sasa ndiyo Moi Avenue. Hardinge Street ikawa Kimathi Street, na Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu Dedan Kimathi anyongwe, sanamu yake ikazinduliwa hapo. Mwaka 1973 likakamilika jumba la mikutano la KICC, ghorofa 28, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa kwetu, na kwa kizazi kizima picha ya Nairobi ikawa ni mnara huo. Nalipenda jengo hilo. Lakini majina na minara hayakugusa sheria ndogondogo za manispaa zilizokuwa zikimwinda Mwafrika asiye na mwajiri. Sheria ya uzururaji ilifutwa mwaka 1997 tu, miaka 34 baada ya bendera kupandishwa. Zile za uchuuzi na za kukaa mahali bila sababu ziliendelea kufanya kazi ileile mikononi mwa askari wa kanjo.

Wakati huo River Road ilikuwa inajenga jiji bila kuomba ruhusa.

Hapa ndipo msafiri kutoka Nyeri, Kisii, Kakamega au Kitui alipokanyaga Nairobi kwa mara ya kwanza. Basi lilimshusha asubuhi akiwa na mfuko na anwani ya shangazi, na kabla ya jua kutua alikuwa ameshapata chai, kitanda cha bei nafuu, na mtu wa kwao wa kumwonyesha njia. Gesti, hoteli na maduka yalijipanga kufuata mabasi. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zifanye kazi bila leseni maalumu, mitaa hii ikawa moyo wa usafiri wa nchi nzima, na hadi leo mtu anayetoka Rongai kwenda Githurai, hata kama hana shughuli yoyote tao, hupita tao, ashuke, atembee, apande nyingine. Katika mwendo huo wa miguu kutoka Railways hadi Odeon ndipo biashara ndogo inapoishi. Mchuuzi anayeuza soksi njiani anamfuata mteja palipo na steji, kwa hesabu ileile inayomfanya mwenye supamaketi ajenge palipo na maegesho.

Kila mtaa una utaalamu wake, na hakuna afisa mipango aliyeugawa. Luthuli Avenue ni redio, televisheni, spika na waya. Kirinyaga Road, iliyoitwa Grogan Road kwa jina la mlowezi, ni vipuri vya magari. Nyamakima ni nafaka, mbegu na bidhaa za jumla, mahali ambapo mwenye duka la Maralal anapakia mzigo wa mwezi mzima. Kwenye ghorofa za juu kuna washonaji, wapiga chapa na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao vikawa maduka kumi ndani ya nafasi ya moja. Mhindi ndiye mwenye jengo, Mkikuyu kapanga, Msomali anauza jumla, Mkamba anachonga mihuri mlangoni, na wote wanajuana kwa majina. Mkopo unatolewa kwa neno la mdomo. Ukimdhulumu mtu Nyamakima leo, kesho Kirinyaga Road nzima inajua.

Na muziki! Miaka ya 1970 na 1980 sahani za santuri za Afrika Mashariki zilitoka katika maduka na studio za mitaa hii. Ndugu wa Simba Wanyika walitoka Tanga wakaja kufanya jina Nairobi, na mwaka 1978 wenzao wakajitenga na kuunda Les Wanyika. Samba Mapangala alikuja kutoka Kongo kupitia Uganda. Super Mazembe nao walitoka Kongo, na Les Mangelepa wakaundwa hapahapa. D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, aliifanya benga isikike hadi Zimbabwe. Mtanzania na Mkongomani waliimba kwa Kiswahili, Mkenya akanunua sahani, fundi wa River Road akaipiga kwenye spika mlangoni kwa sauti iliyofika Ronald Ngala Street. Ladha ya muziki ya ukanda mzima ilipikwa hapo. Katika miaka ya 2000 mitaa hiyohiyo ikatoa filamu za bei nafuu za Kikuyu, Kiswahili na lugha nyingine, zikiuzwa kwenye diski, na watu wakaziita Riverwood. Serikali haikuwa imetoa ruzuku hata shilingi moja. Meja Mwangi alishauona uzito wa mahali hapa mapema, akauandikia riwaya, Going Down River Road, mwaka 1976. Mwandishi wetu mkubwa aliuchagua mtaa huo wakati wakuu wa jiji walikuwa wakiuonea haya.

Upande wa magharibi nao una majeraha yake, na sitaki kuyapita. Kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway kuna jengo dogo la mwaka 1913, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, ambalo sasa ni Nairobi Gallery. Umbali wa barabara kutoka Nairobi ulipimwa kuanzia hapo. Jirani yake ni Nyayo House. Chini ya jumba hilo, katika miaka ya 1980, Wakenya waliodhaniwa kupinga serikali walifungiwa katika vyumba vya giza, wakamwagiwa maji, wakapigwa, wakanyimwa chakula. Juu yao, ghorofa za kawaida, wananchi wengine walipanga foleni ya pasipoti.

Na Agosti 7, 1998, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani liliua watu 213 na kujeruhi maelfu. Wengi walisikia mlipuko mdogo wa kwanza, wakakimbilia madirishani kuangalia, na vioo vikawapofusha. Ufundi House iliporomoka ikiwa na wanafunzi wa chuo cha ukatibu ndani. Waokoaji wa kwanza walikuwa wapita njia waliochimba vifusi kwa mikono mitupu, na matatu zilizoacha nauli na kupeleka majeruhi hospitali ya Kenyatta. Yaani walewale ambao kila mwaka tunaambiwa wanalichafua jiji.

Baada ya hapo pesa kubwa zilianza kuhama. Ubalozi wa Marekani ulikwenda Gigiri, benki na makampuni yakapanda Upper Hill, Soko la Hisa likahamia Westlands, na hoteli ya Hilton, iliyofunguliwa 1969, ikafunga milango mwishoni mwa 2022. Wapo wanaosema katikati ya Nairobi panakufa. Naomba wasimame mbele ya jengo la Kumbukumbu za Kitaifa saa kumi na moja jioni waniambie nini kimekufa. Kilichoondoka ni sehemu iliyoweza kuondoka. Iliyobaki ndiyo isiyo na pa kwenda na isiyotaka kwenda, nayo inapanda: vijiduka vya mbao vimeshavuka Moi Avenue na kuingia katika majumba yaliyokuwa ya mawakili na mashirika ya ndege.

Je, tumejifunza? Mwaka 2008 soko la Muthurwa lilifunguliwa ili wachuuzi wahamie huko. Wengi walirudi mitaani, kwa kuwa wateja hawakuhamishwa pamoja nao. Desemba 2018 matatu zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Asubuhi hiyo maelfu ya watu, wakiwemo wajawazito na wagonjwa, walitembea kilomita kadhaa kufika kazini na hospitalini, na marufuku ikasitishwa kabla haijakomaa. Katika visa vyote viwili hakuna aliyekuwa ameketi na wanaotembea kuwauliza wanakwenda wapi.

Halafu zikaja Juni mbili. Juni 25, 2024 vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliteremka kutoka kila steji, wakajaza Kenyatta Avenue na Moi Avenue, wakaingia Bungeni, na wengi wakauawa kwa risasi. Juni 17, 2025, katika maandamano mengine tao, kijana aliyekuwa akiuza barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi kwa karibu sana, kamera zikiwaka. Alifariki hospitalini kabla mwezi haujaisha. Hakuwa amebeba bango. Alikuwa kazini. Sijaweza kuitoa picha ile akilini, maana ndani yake namwona kibarua wa 1922 na mpangaji wa 1954, mtu ambaye kuwapo kwake mjini kunahesabiwa kuwa kosa.

Najua hoja za upande wa pili na si za kupuuzwa. Mwenye duka Tom Mboya Street analipa kodi ya pango na leseni, kisha anakuta bidhaa zilezile zimetandazwa mlangoni mwake kwa nusu bei. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kupita. Gari la zimamoto likiitwa jioni haliwezi kufika River Road. Wezi wa simu wanajificha katika msongamano. Haya yote ni kweli na yanahitaji utaratibu. Utaratibu ni kitu kimoja na ufukuzaji ni kitu kingine, na tofauti yake tumeshaiona kwa macho: mwaka 2019 Luthuli Avenue ilipunguziwa njia ya magari, ikapanuliwa njia ya miguu, ikapandwa miti na kuwekwa viti. Biashara haikukimbia. Wanunuzi wakaongezewa nafasi ya kusimama. Maktaba ya McMillan nayo, ambayo ina sheria yake ya Bunge inayoilinda lakini ilikuwa imeachwa ichakae, iliokolewa na wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walioanzisha Book Bunk mwaka 2017 na kuanza kuirudisha kwa wasomaji pamoja na matawi yake ya Makadara na Kaloleni.

Kazi ya namna hiyo inawezekana River Road pia. Njia za miguu zipanuliwe kwanza pale ambapo watu ni wengi, badala ya pale ambapo wageni wa serikali watapita. Mitaro ichimbwe na izibuliwe kabla ya mvua ya masika, deni tunalodaiwa tangu 1902. Vyoo vya umma na maji viwekwe karibu na kila steji kubwa. Wachuuzi watengewe mitaa na saa zinazojulikana, kwa ada ndogo inayolipwa kwa simu na risiti, ili askari wa kanjo asiwe na cha kuomba. Na mtu akikosea, apelekwe mahakamani na bidhaa zake ziandikwe, zirudishwe.

Nairobi imekuwa na mipango mikuu ya 1948, 1973 na 2014. Wa 1948 uliitwa, bila kificho, mpango wa mji mkuu wa koloni. Ule wa 1973 uliisha muda mwaka 2000, na kwa miaka 14 jiji likaendeshwa bila ramani ya maana. Wa sasa unafika mwisho 2030, kwa hiyo unaofuata utaanza kuandikwa muda si mrefu. Katiba ya 2010 inaitaka serikali iwashirikishe wananchi. Naisihi kaunti iuandike kwa Kiswahili, iusome Nyamakima, Muthurwa na Jeevanjee kabla ya kuusoma hotelini, na ihesabu wanaotembea kwa miguu kabla ya kuhesabu magari. Na wewe unayefungua duka Luthuli, unayeuza soksi Odeon, unayeshuka Railways kila asubuhi: tangazo la mkutano likitoka, nenda na useme.